Mgonjwa kapewa ruhusa lakini bado yuko kitandani: uuguzi wa nyumbani unafanywaje?

NesiWaMbagala

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni muuguzi, nipo Dar. Nilianzia wodini, ila sasa kazi yangu kubwa ni majumbani: Mbagala, Tabata, Kigamboni, mara nyingine nafika mpaka Kibaha. Simu ninazopigiwa zinafanana sana. "Nesi, mzee karuhusiwa, kapooza upande wa kulia, ana mpira wa mkojo na mwingine wa kulishia puani. Tunatafuta mtu wa kukaa naye. Ni shilingi ngapi?"

Bei tuiache kwanza. Kinachoniumiza ni kwamba familia inatafuta mtu mmoja wakati mgonjwa anahitaji watu wa aina mbili, na wakichanganya hapo mzee anarudishwa hospitali akiwa na hali mbaya kuliko aliyotoka nayo.

Wa kwanza ni mhudumu wa mgonjwa. Anamwogesha, anamlisha, anambadilisha pampasi, anamgeuza, anampigisha mazoezi aliyoelekezwa, anakaa naye asiongee na ukuta. Ni kazi nzito na ya heshima, na ndugu yeyote mwenye moyo akifundishwa anaiweza. Wa pili ni muuguzi mwenye usajili na leseni. Huyu ndiye anabadilisha mpira wa mkojo, anaingiza wa puani, anasafisha kidonda kilichochimbika, anachoma sindano, na akipima presha anajua namba ile ina maana gani kwa mgonjwa yule siku ile, na kama daktari apigiwe sasa hivi au asubiri kliniki. Wagonjwa wengi wa kiharusi ninaowahudumia hawahitaji muuguzi saa 24. Wanahitaji mhudumu kila siku, na muuguzi mara moja au mbili kwa wiki anayekuja kukagua, kufanya kazi zake za kitaalamu na kumsimamia yule mhudumu. Familia ikilielewa hili mapema, hata gharama inapungua.

Niwaeleze ziara ya kwanza inavyokwenda, maana wengi hawajawahi kuiona ikifanywa sawasawa.

Nikiingia, nikishasalimia wakubwa wa nyumba, naomba karatasi ya ruhusa na dawa zote ziwekwe mezani. Nasema zote: za hospitali, zilizobaki za mwaka jana, alizoletewa na shangazi, na za majani. Hapo ndipo ninapokuta maboksi mawili yenye majina tofauti ya kampuni, lakini ukisoma maandishi madogo chini, yote ni amlodipine, dawa ya presha. Mzee anameza dozi mara mbili na watu wanashangaa kizunguzungu kinatoka wapi.

Kisha namkagua mwili mzima, kichwani hadi kisiginoni. Soksi zinavuliwa. Naangalia juu ya makalio pale mfupa unapojitokeza, nyonga zote mbili, vifundo vya miguu, visigino, na nyuma ya masikio kama alikuwa kwenye oksijeni. Vitabu vingi vinasema kidonda cha kulalia huanza na wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu ule hauonekani vizuri. Pitisha nyuma ya kiganja: ukihisi pana joto kuliko pembeni, au pamekuwa pagumu ama parojorojo, au rangi imeiva kuliko ngozi ya jirani na mgonjwa analalamika ukigusa, ujue kidonda kimeshaanza hata kama ngozi haijachanika. Kuanzia hapo asilalie tena sehemu hiyo mpaka ipone, na msipasugue wala kupakanda mafuta kwa nguvu.

Baada ya hapo naangalia chumba: kitanda kina urefu gani, choo kiko wapi, maji ya kunawa yako wapi, usiku nani analala naye. Halafu tunafungua daftari. Kaunta buku la kawaida tu, na linabaki kwa mgonjwa, siondoki nalo. Tarehe, saa, presha, joto, sukari kama anayo, kala nini na kiasi gani, mkojo kiasi gani na rangi gani, kalalia ubavu upi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa 2, na ratiba hiyo inaandikwa kwa majina ya watu. Ikiandikwa "wote tusaidiane", saa 8 usiku hakuna atakayeamka.

Karibuni tujadili. Wauguzi wenzangu mliopo humu, ongezeeni.

KijanaWaTandika

Mkuu, umenigusa. Sisi mama alipotoka hospitali tulipiga simu kwa kampuni moja (siitaji), wakamleta dada kavaa sare nyeupe, wakasema ni nesi mzoefu. Hatukuuliza kitu. Alikuwa mpole kweli, lakini ule mfuko wa mkojo alikuwa anauweka juu ya kitanda, pembeni ya mapaja ya mama, eti usiburuzike chini. Baada ya muda mkojo ukawa mzito na unanuka, mama akaanza homa na kutetemeka, akaongea maneno yasiyoeleweka. Tulimrudisha akalazwa, daktari akasema ni maambukizi ya njia ya mkojo. Baadaye ndiyo tukagundua yule dada alisomea mambo mengine kabisa.

Sasa mtu wa kawaida anamtambuaje muuguzi wa kweli?

NesiWaMbagala

Pole sana kaka, na mpe mama pole.

Mfuko wa mkojo daima unakaa chini ya usawa wa kibofu, unaning'inizwa kwenye ubao wa kitanda, lakini usilale sakafuni. Ukiwekwa juu, mkojo unarudi ndani na vijidudu vyake. Umwagwe kabla haujajaa, ukifika theluthi mbili tosha. Mpira usivutwe, ufungwe pajani kwa plasta au mkanda, na unawe mikono kabla na baada ya kuugusa. Mgonjwa wa mpira wa mkojo akianza ghafla kuchanganyikiwa, hasa mzee, msisubiri homa ipande ndipo mshtuke.

Kuhusu kumtambua: Tanzania Bara muuguzi anasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, lililopo kwa sheria ya mwaka 2010. Ana namba ya usajili, na ana leseni ambayo ina muda wake, inahuishwa. Mwombe uione, linganisha jina na kitambulisho, kisha ulizia Baraza. Muuguzi wa kweli hakasiriki akiombwa leseni, anafurahi.

Kampuni nayo ipimeni kabla ya kulipa. Inayojua kazi yake haikutajii bei kwenye simu kabla haijamtuma mtu kumwona mgonjwa. Mkataba wake unataja kazi zitakazofanywa, nani atazifanya, nani atakuja yule akiumwa, na daktari gani atapigiwa mambo yakibadilika. Ikiwa yote yaliyoandikwa ni "huduma ya nesi masaa 12", rudisheni karatasi.

MwanaLikoni

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Bara. Hapa kwetu Kenya ni Baraza la Wauguzi, na waweza kumtafuta muuguzi kwenye tovuti yao ukajua kama leseni yake iko hai. Nilifanya hivyo kabla ya kumleta mtu kwa bibi yangu.

Nina swali. Bibi anachomwa insulini, nasi hatuna friji. Mombasa joto mwalijua. Nesi alotuhudumia asema tuweke kwenye mtungi, jirani asema itaharibika. Yupi wa kusikizwa?

NesiWaMbagala

Wa aleikum salaam. Msikize nesi wako.

Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo hiyo iacheni kwenye friji ya duka la dawa au zahanati mkachukue moja moja. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje ya friji takriban wiki 4 mradi joto lisizidi nyuzi 30 hivi, ingawa karatasi ndani ya boksi ndiyo yenye neno la mwisho maana aina zinatofautiana. Kwa joto la pwani, chungu ndani ya chungu kinafaa: katikati weka mchanga uliolowanishwa, funika kwa kitambaa kibichi, kikae kivulini penye upepo. Insulini iwe ndani ya mfuko mkavu. Kamwe isigande. Wapo wanaoiweka juu ya barafu, wanaiua. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa, na mbadilishe sehemu ya kuchoma, msirudie palepale kila siku.

BintiKibosho

Naomba niseme tu ukweli. Haya mnayoongea ni ya watu wenye hela. Baba yangu yuko kitandani, mama ana miaka 60 na kitu, mimi nauza mbogamboga. Muuguzi wa mara mbili kwa wiki tutamlipa na nini? Tumemwachia Mungu.

MkungaMstaafu

Mwanangu BintiKibosho, pole na uguzaji. Mimi nimestaafu, lakini nikueleze tulikotoka.

Miaka ya 1990 Ukimwi ulipokuwa unamaliza watu, wodi zilijaa na dawa za kufubaza virusi hazikuwepo, kwa wananchi wa kawaida zilianza kutolewa 2004. Wagonjwa walikuwa wanarudishwa nyumbani. Pale Temeke, PASADA chini ya Kanisa Katoliki walikuwa na watu wao wanaotembelea majumbani, na makundi ya namna hiyo yalikuwepo mikoa mingi. Begi la mhudumu lilikuwa na glavu, sabuni, gozi, Panadol, mafuta ya mgando, na pakiti za chumvi na sukari kwa wanaoharisha. Nimetembea na hao watu. Hawakwenda kumfanyia mgonjwa kila kitu. Walikwenda kumfundisha dada yake namna ya kumgeuza bila kuumia mgongo, namna ya kusafisha kinywa chenye fangasi, namna ya kubadilisha shuka mgonjwa akiwa juu yake. Wiki inayofuata wanarudi kuona kama amelishika.

Kwa hiyo usikate tamaa kwa kukosa hela ya muuguzi wa kila wiki. Anzeni na ziara moja ya kufundishwa, halafu mumwite tena panapotokea jambo. Na kabla ya hapo, mwende ofisi ya mtaa au kijiji mkaulizie mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu hao zaidi ya 137,000 nchi nzima kwa miaka 5. Si wauguzi, hawachomi sindano wala kubadilisha mipira, lakini wanatembelea kaya, na ndio watakaowaunganisha na zahanati. Pia ulizia hospitali ya kanisa iliyo karibu nanyi, hospitali nyingi za KKKT (Kanisa la Kilutheri) zina timu za tiba shufaa, yaani za kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, zinazofika majumbani.

Na mama yako apate siku ya kulala. Mgonjwa mmoja kitandani huwa anazaa wa pili kwa mgongo na presha. Gawaneni zamu na wajomba, hata kama ni usiku mmoja kwa wiki.

NesiWaMbagala

Shikamoo mama. Umesema yote, na hilo la mlezi kupumzika mimi naliandika kwenye mpango kama dawa nyingine.

BintiKibosho, nikuongezee kitu kimoja kinachookoa hela. Familia nyingi zinanipigia: "Njoo umtundikie dripu, amelegea." Maji ya dripu yanalipiwa, muuguzi analipiwa, na mgonjwa kama moyo au figo ni dhaifu anaweza kujaa maji kwenye mapafu. Kulegea kuna sababu yake. Huenda sukari imeshuka, ana malaria, ana nimonia, au hali vya kutosha tu. Mimi situndiki dripu bila maelekezo ya daktari, na muuguzi anayekubali haraka haraka mumwogope. Hela hiyo hiyo inaweza kulipia ziara nzima ya kukaguliwa.

DadaMinnesota

Nawasoma kutoka Marekani. Niko Minnesota, nafanya kazi ya uhudumu wa majumbani kama Waafrika Mashariki wengi huku, wengine wako Texas na Massachusetts. Naona uzi huu unasema kile kile tunachosisitiziwa kazini.

Huku Medicare, bima ya serikali ya wazee kuanzia miaka 65, inalipia uuguzi wa nyumbani kwa masharti. Lazima daktari au mtaalamu mwingine anayeruhusiwa aandike kuwa unahitajika, mgonjwa awe hatoki nyumbani kirahisi, na huduma iwe ya vipindi. Muuguzi aliyesajiliwa anakuja kwanza, anafanya tathmini, anaandika mpango, na mpango unapitiwa upya kila siku 60. Mimi mhudumu naogesha, navalisha, natembeza. Sigusi kidonda. Na pale mgonjwa anapopata huduma ya kitaalamu, muuguzi anatakiwa kupitia kazi yangu angalau kila siku 14.

Lakini ndugu zangu msidhani huku kila kitu kinalipiwa. Mtu wa kukaa na mzee mchana na usiku Medicare hailipii. Watoto wanauza nyumba ya mzazi ili kulipa, au wanaacha kazi. Binafsi naona nyumbani tuna utajiri wa watu, tunachokosa ni yule muuguzi wa kuja kuwapanga na kuwakagua. Waliopo nje wanaotuma hela ya "mtu wa kumwangalia mama", sehemu ya hela hiyo itengwe kwa ajili ya muuguzi, na mwombe picha ya ukurasa wa daftari kila wiki.

Mzaramo_Halisi

Nesi, baba ana saratani ya tezi dume, imeshafika kwenye mifupa. Ocean Road, hospitali ya saratani, wamempa mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu. Ndugu wamegawanyika. Kaka mkubwa anasema akianza hiyo ndiyo mwisho, atakuwa teja, kwa hiyo wanampa akilia tu. Usiku halali. Nifanye nini?

NesiWaMbagala

Mzaramo, hili naomba kaka yako alisome.

Mofini ya maji haitolewi kwa sababu mtu anakufa kesho. Inatolewa kwa sababu maumivu yamezidi dawa ndogo, na watu wanaishi nayo miezi na wengine miaka. Ile ya maji inafanya kazi kama saa 4 hivi, ndiyo maana inaandikwa kila baada ya saa 4. Ukisubiri mpaka alie, maumivu yameshapanda juu na dozi ile ile haiyafikii tena. Mpeni kwa saa. Dozi ya mwisho kabla ya kulala mara nyingi daktari huiongeza ili avuke usiku bila kuamshwa, waulizeni waliomwandikia, msiongeze wenyewe. Kuwa teja ni jambo jingine kabisa na si la kuhofia kwa mgonjwa wa saratani anayepewa kwa vipimo.

Siku za mwanzo anaweza kusinzia na kusikia kichefuchefu, kwa kawaida hupungua. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini. Kama hakuandikiwa, rudini mkaombe. Wapigieni hospitali mara moja akisinzia kiasi cha kutoamshika au pumzi zikiwa za taratibu mno. Chupa ikae mbali na watoto, na pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko cha chai.

Majirani zetu Uganda walilichukulia suala hili kwa uzito. Hospice Africa Uganda ilianzishwa 1993 na Dkt. Anne Merriman, na tangu 2004 sheria yao inawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini. Muuguzi anakwenda nyumbani, anampima mgonjwa maumivu, anarekebisha dozi palepale. Natamani sana kuona hilo likiwezekana hapa, kwa sababu wa Mkuranga hawezi kupanda gari na mifupa ile kila dawa inapoisha.

Na muulizeni mzee mwenyewe anataka nini. Anasikia mnavyobishana.

Mzaramo_Halisi

Nimempigia kaka nikamsomea. Tumeanza kumpa kwa saa tangu jana mchana. Nitaleta mrejesho. Ubarikiwe.

KijanaWaTandika

Nesi, mwisho kwangu. Mama sasa karudi, ana mpira wa puani. Kumlisha tunafanyaje? Na sindano zilizotumika tunatupa wapi, maana mtoto wa dada anachezea pipa la taka.

NesiWaMbagala

Kulisha: kwanza mkalisheni, au mgongo uinuliwe kwa mito kama nusu kukaa. Angalia alama iliyochorwa kwenye mpira pale unapoingia puani. Kama imesogea, au mpira umejikunja mdomoni, au mama anakohoa na kubadilika rangi, msiweke kitu chochote, hata maji, piga simu. Muuguzi wenu awafundishe kuvuta maji kidogo ya tumboni na kuyapima kwa karatasi ya asidi kabla ya kila mlo, kuhakikisha mpira uko tumboni. Uji uwe mwepesi uliochujwa, vuguvugu, ushuke wenyewe kwa uzito wake, msiusukume. Dawa zisagwe na kupitishwa moja moja, lakini muulize mfamasia kwanza, zipo zisizoruhusiwa kusagwa. Malizia kwa maji safi mpira usizibe, na abaki ameinuka angalau nusu saa.

Msimpe kitu mdomoni kwa kumhurumia mpaka apimwe kama anameza vizuri. Maji matupu ndiyo hatari kuliko uji, yanakimbilia mapafuni haraka. Lakini kinywa kisafishwe asubuhi na jioni kwa mswaki laini, hata kama hali kwa mdomo.

Sindano: tafuta chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko wa kuzungusha, ile ya sabuni ya maji inafaa. Sindano ikitoka mwilini inaingia humo moja kwa moja, msiirudishie kifuniko chake, ndipo watu wanapojichoma. Iwekwe juu ya kabati. Ikifika robo tatu funga kwa plasta, ipeleke zahanati wakaichome pamoja na zao. Isiende kwenye pipa la mtaa, wazoa taka wetu wanafanya kazi bila glavu.

Nipo kwenye zamu kesho mchana kutwa, maswali mengine nitayajibu usiku.